Kanuni ya Tisa Niliyoiandika Mwenyewe

Nimekasirika tangu miaka ya tisini na bado sijachoka. Watu wananijua kama mtu wa kucheka. Hata matangani huwa nawekwa nyuma kabisa nisije nikaharibu kilio. Lakini nitajie ule ukumbi wa Lodwar, nitajie kiti cha plastiki cha bluu, halafu uone uso wangu unavyobadilika kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mke wangu anasema nilisimulie jambo hili mara moja ya mwisho, nipumzike. Haya, nasimulia. Hiyo habari ya kupumzika sijui.

Wakati huo nilikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali pale Lodwar. Nimebeba mafaili, jamani. Yangepangwa moja baada ya jingine yangefika Nadapal yakavuka mpaka bila kuulizwa pasi. Mchana nilibeba mafaili, na jioni nilisoma shule ya usiku pamoja na walinzi, madereva na mpishi mmoja wa hospitali aliyekuwa akisinzia akiwa ameshika kalamu wima. Nilipohitimu, cheti nilikitia fremu kabla sijanunua kitanda. Nililala juu ya mkeka, cheti kikinitazama kutoka ukutani kama mkaguzi.

Cheti hicho ndicho kilichoniponza. Mkubwa mmoja wa ofisi yetu, mtu aliyehamishwa kutoka Kenya (sisi wa Turkana tukisafiri kwenda kusini tunasema tunaenda Kenya, kana kwamba tuna nchi yetu), alianzisha chama cha mchezo wa chesi, ule ambao kamusi inauita sataranji. Yeye akawa mwenyekiti. Mimi nikafanywa katibu kwa sababu nilikuwa mwanachama pekee aliyeweza kujaza ukurasa mzima bila kukatakata maneno. Kucheza sikujua sana. Nilijua kila kitu kinakwendaje, kama vile mtu anavyojua barabara ya Nairobi bila kuwahi kuifikia Nairobi.

Mwenyekiti alikuja na ubao mzuri, ila farasi wote wanne walikuwa wamepotea njiani. Mchongaji mmoja wa Eliye akatuchongea ngamia. Kwa hiyo Lodwar hatukuwa na farasi, tulikuwa na ngamia, na nakwambia walikula adui vizuri kuliko farasi wowote.

Kanuni nane za chama zilitoka katika kijitabu cha mwenyekiti. Ya tisa ni yangu. Wachezaji wetu walikuwa na tabia mbaya: mtu akibanwa ubaoni anasema anaenda haja ndogo. Anatoka nje, anazunguka nyuma ya ukumbi alikosimama rafiki yake anayejua mchezo, halafu anarudi na hatua ya ajabu, suruali kavu na macho yanang'aa. Wiki moja dereva mmoja alienda haja mara sita. Mwenyekiti akaniambia, "Bwana Katibu, tafuta maneno ya kukomesha hawa." Nikakaa na kamusi yangu jioni nzima. Nikaandika hivi:

"Mchezaji atakayeinuka kitini kabla mchezo haujakwisha, kwa sababu yoyote ile, atahesabiwa ameuacha mchezo, na ushindi utakuwa wa mwenzake."

Hayo maneno "kwa sababu yoyote ile" niliyaongeza mwishoni, kwa urembo tu. Nilidhani yanaipa sentensi kifua. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akanipa mkono. Wiki hiyo nilitembea Lodwar kama mtu aliyeandika katiba ya nchi.

Sasa nije Kakuma.

Kambi ya wakimbizi ilikuwa bado changa, ina miaka michache tu. Jumamosi moja tulipanda lori katika msafara wa magari yenye ulinzi wa polisi, tukaenda kucheza nao kirafiki. Tuliwekwa katika darasa la mabati. Mle ndani ungeweza kukaanga yai juu ya dawati, kama ungekuwa na yai. Nikapangiwa mwalimu wa hesabu wa shule ya kambini, kijana wa Sudan ya kusini, mrefu hivi kwamba alipoketi magoti yake yalifika mezani kabla yake. Vipande vyake vya chesi alivikata mwenyewe kwa makopo ya mafuta ya mgao. Kwenye sketi ya malkia ulikuwa bado unasoma nusu ya maandishi ya kopo.

"Ejok," nilimsalimia kwa Kiturkana, nionekane mwenyeji.

"Ejok, ndugu yangu," akajibu, na kwa kweli alilitamka vizuri kuliko mimi.

Mchezo wa kwanza uliisha kabla sijamaliza kukunja mikono ya shati. Wa pili alimtoa malkia wake mwenyewe, akamweka mfukoni, akanifunga bila malkia. Wa tatu alitoa malkia na ngome moja, akavuta rundo la madaftari ya wanafunzi, akawa anasahihisha kujumlisha na kutoa huku ananimaliza. Kila nikisogeza kipande alikuwa anainua jicho moja tu. Hakunicheka. Afadhali angecheka, maana mimi mwenyewe nilishaanza.

"Wewe ni mtu au ni mashine ya kusaga?" nikamuuliza.

"Malesh," akasema, neno lao la kuomba radhi. "Nyinyi mna mashindano Lodwar, sivyo? Mshindi anapata nini?"

"Anapewa barua ya kwenda Nairobi kuwakilisha wilaya. Barua yenye muhuri."

Kalamu yake nyekundu ikasimama juu ya hesabu ya mtoto wa watu. Akaniuliza tena kuhusu muhuri. Nikamwambia ndiyo, muhuri wa mviringo, mkubwa kama kifuniko cha birika.

Ndipo akanieleza. Mama yake alikuwa Nairobi. Alikuwa amesafirishwa kwa ndege kutoka kwao, akapitia uwanja wa ndege wa Loki, kule mpakani, akapelekwa kutibiwa macho, na angekaa huko mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Habari ilimfikia kwa mdomo wa mtu aliyeisikia kwa mtu. Mara ya mwisho kumwona mama huyo, yeye alikuwa na kimo hiki: akaonyesha kwa kiganja ukingo wa meza. Tangu hapo alitembea kwa miguu nchi mbili, akasoma, akawa mwalimu, na mama alikuwa hajui kama mwanawe anaishi mpaka majuzi. Sasa mama yuko mwendo wa siku mbili za basi, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Kibali alikuwa amekiomba mara tatu.

"Wananiambia lete barua ya ofisi inayokuita Nairobi, tutie sahihi. Mama siyo ofisi."

"Basi umeshafika," nikasema, nikapiga dawati mpaka vumbi likaruka. "Lodwar nzima hakuna wa kukushika. Mimi ndiye katibu. Jina lako naliandika leo hii kwa mkono wangu."

Nikaliandika. Mwenyekiti hakupinga, kwa kuwa walioandikishwa walikuwa saba tu na alitaka wawe wanane. Barua ya mwaliko kutoka Nairobi ilisema "mkazi wa wilaya". Kakuma iko wilaya gani, Mwezini?

Mashindano yalichezwa Jumamosi na Jumapili. Namna nilivyofika fainali, naona haya kidogo kuieleza. Mpinzani wangu wa kwanza, dereva yule wa haja ndogo, alizuiwa na mto Kawalase uliofurika ghafla. Gari lilibaki ng'ambo, na yeye alionekana akinipungia mkono kwa mbali kama mgombea. Wa pili alikuwa mpishi wa hospitali, mwanafunzi mwenzangu. Alilala. Nasema kweli: kwa kanuni zetu mtu hakatazwi kulala, ila alipoamka alimsogeza malkia wake mbele ya ngamia wangu, nikamla. Hivyo nikaingia fainali bila kutoka jasho la akili, na kwa Lodwar kutotoka jasho la aina yoyote ni muujiza.

Upande wa pili yule wa Kakuma alikuwa anafyeka. Katika nusu fainali alikutana na mwenyekiti. Wafanyakazi wa ofisi yetu wote walikuwepo, na mke wa mwenyekiti alikuja na mwavuli. Hatua kumi na saba. Mwenyekiti alimtazama mfalme wake kama mtu aliyeibiwa baiskeli aliyoikalia, akasema kwa Kiingereza kwamba mwanga wa dirishani ulimsumbua. Watu wa madirishani wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nadhani kicheko hicho alikiweka akiba.

Fainali ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Kibali cha yule wa Kakuma cha kukaa Lodwar, alichokipata kwa barua ya chama chetu, kilikuwa kinaisha Jumatatu asubuhi, alikuwa amekikunja mara nne katika mfuko wa shati. Ukumbini palikuwa na meza moja na viti viwili vya plastiki vya bluu, vyetu sisi wachezaji. Kando ya meza kulikuwa na benchi la mbele, wamekaa wakubwa: mwenyekiti katikati, wenzake huku na huku. Watu wengine walisimama kwenye kuta zote nne na kujaza madirisha. Joto la siku hiyo lilimfanya hata mfalme wangu wa mbao atoe jasho.

Kabla ya kuanza, mpinzani wangu aliniinamia. "Ndugu, cheza vizuri," akasema. "Usiniachie. Nataka barua ikiwa safi."

Nikacheza. Naapa sijawahi kucheza vile. Ngamia wangu mmoja alifika mpaka boma la adui akala askari wawili, watu wakapiga mbinja, na kwa muda kama wa kunywa chai nilijiona jemadari. Kisha mambo yakawa yanaenda yanakotaka yeye. Malkia wangu akanaswa. Ngome yangu ya kushoto ikaliwa. Mfalme wangu alikuwa amejificha mstari wa nyuma kabisa, mbele yake askari wangu watatu wamesimama wima, na mimi nilidhani wanamlinda. Kumbe wamemfungia mlango. Ngome ya yule wa Kakuma ilikuwa kwenye njia nyeupe isiyo na mtu. Ikiteremka tu mpaka mstari wangu wa mwisho, mfalme hana pa kwenda. Askari wake mwenyewe wamemziba.

Niliiona. Yeye aliiona zamani. Ilikuwa zamu yake. Akainua mkono, vidole vyake virefu vikafika juu ya ngome, bado havijaigusa.

Hapo ndipo mama yangu mzazi alipoingia.

Mama alikuwa ametoka Kalokol siku hiyo na samaki wake wakavu wa ghuba ya Ferguson, amepanda lori. Sokoni mtu mmoja, Mungu amsamehe, alimwambia, "Mama, mwanao anapigana na Msudani kule ukumbini." Basi mama amekuja kuniokoa. Kapu mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, na magoti yake yale yaliyokwisha kuchoka. Watu wakampisha haraka, kwa heshima na kwa harufu ya samaki. Akafika mpaka mezani. Akaniona nimekaa nimetulia, hakuna damu.

"Mnapigana na vijiti?" akaniuliza kwa Kiturkana.

Hakukuwa na mahali pa kukaa. Benchi la wakubwa lilikuwa mbele yake kabisa, na wakubwa wote watano wakaanza kutazama viatu vyao kama watu waliopewa viatu siku hiyo hiyo. Na mimi? Nitasema, maana hasira nyingine zote nimewagawia watu na hii ni yangu. Niliinuka upana wa kidole. Halafu nikaikumbuka Kanuni ya Tisa, maneno yangu mazuri yenye kifua, nikarudi kukaa. Mama aliyenizaa anatafuta mahali pa kuegemea, na mimi nimekaa, nikimlinda mfalme ambaye ni maiti.

Mama akaegemea fimbo, akaanza kujishusha chini kwenye saruji. Magoti yakakataa katikati.

Yule wa Kakuma akaurudisha mkono wake kutoka juu ya ngome. Akasimama. Kusimama kwake kulichukua muda, jinsi alivyokuwa mrefu. Akakigeuza kiti, akamshika mama kiwiko.

"Mama, kaa."

"Ejok, ejok-nooi," mama akamshukuru, na akakaa. Akapanga kapu lake mapajani. Yule akainama juu ya ubao akiwa amesimama hivyo hivyo, amenyoosha mkono achukue ngome yake.

"Simama hapo hapo!" mwenyekiti akasema. "Usiguse kitu. Bwana Katibu, soma Kanuni ya Tisa."

Mimi nilicheka. Kweli, nilidhani ni mzaha, hata nikamtafuta mtu wa kucheka naye.

"Soma, Bwana Katibu."

"Mwenyekiti, huyu hajaenda popote! Amesimama hapa, kila mtu anamwona. Amempisha mama."

"Ameinuka kitini?"

"Ameinuka, lakini..."

"Mchezo umekwisha?"

"Bado hatua moja tu! Hatua moja, niko maiti! Watu wote wanaona!"

"Basi soma ulichoandika."

Sikusoma. Akaichukua kanuni mwenyewe kutoka kwenye daftari la chama, akaisoma kwa sauti ya mhubiri, na alipofika pale "kwa sababu yoyote ile" alisimama kidogo, akaninyooshea kidole kana kwamba ananisifu mbele ya mkutano. "Maneno ya katibu wetu," akasema. "Msomi."

"Kanuni hii ni ya watu wanaodanganya chooni!" nikapaza sauti. "Mimi ndiye niliyeitunga, najua niliitungia nani!"

"Umeitunga, tumeipitisha, sasa ni ya chama. Na kwa vyovyote," akageukia wakubwa wenzake, akishusha sauti lakini si sana, "mwakilishi wa wilaya atokane na wilaya. Mgeni ni mgeni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Na ukinipima damu leo, utaikuta sentensi hiyo bado inazunguka humo ndani. Mgeni ndiye peke yake aliyemfanyia mama wa Kiturkana adabu katika ukumbi uliojaa wenyeji, nami nikiwa wa kwanza wao.

Nikasimama. "Haya, na mimi nimesimama! Nimeacha mchezo!"

"Umeshashinda," mwenyekiti akasema. "Simama unavyotaka."

Mama alikuwa anatuangalia. Akaniuliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kiturkana, mbio mbio, huku nikitema mate: kwamba huyu alikuwa ameshinda, kwamba ushindi ungempeleka kwa mama yake, kwamba amenyang'anywa kwa sababu ya kiti. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakamata fimbo, akainuka kutoka kwenye kile kiti cha bluu kwa shida zake zote, akamkabili mwenyekiti kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe mzee. Mimi nakalia mchanga miaka yote, mimi hapana lia. Leo nakalia kiti mara moja tu, nyinyi nakula mtoto ya watu juu yake? Rudisha! Kiti hii, rudisha! Nitakaa chini, yeye acheze!"

Ukumbi ukalipuka. Mtu wa dirishani akapiga kelele, "Mama amesema!" Mwingine, "Cheza, cheza!" Mwenyekiti alisubiri mpaka kelele zikachoka, akafunga daftari, akasema kwamba wanaume wasomi hawaongozwi kwa kelele. Mke wake na mwavuli wake walikuwa wa kwanza kutoka nje, na hakumngoja.

Yule wa Kakuma wakati wote huo alikuwa anavirudisha vipande sandukuni, kimoja kimoja, ngamia pamoja na ngamia. Mama akachagua samaki mkubwa kuliko wote kapuni akamfunga kwenye gazeti, akamsukumia mwalimu kifuani. "Malesh, mama," akasema yule. Yeye ndiye aliyeomba radhi! Hebu fikiria.

Asubuhi nilimkuta mahali magari ya msafara yanapokusanyika. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kujiuzulu ukatibu, yenye kurasa nne na maneno ambayo hata kamusi ingeomba msaada.

"Siendi Nairobi," nikamwambia. "Wakinipa hiyo barua, nitaichana mbele yao."

"Ukiichana, nani ataenda?"

Nikafikiria. "Mwenyekiti. Ndiye wa tatu."

"Basi nenda wewe." Akatoa mfukoni bahasha iliyobandikwa kwa uji wa unga. "Mwenyekiti hatamtafutia mtu mama yake. Wewe utamtafuta."

"Nitaendaje na ushindi wa wizi?"

"Nenda kwa miguu yako," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Ushindi uache hapa."

Nikaenda. Nairobi nilicheza michezo mitano na nikashindwa sita. Hata aliyekuwa akipanga viti alinifunga. Mwenyekiti naye alikuja kama kiongozi wa msafara wa mtu mmoja. Sikuzungumza naye siku mbili za basi, na kwangu mimi hiyo ni kama mtu mwingine kufunga kula.

Siku ya tatu nilimpata yule mama. Alikuwa kwenye chumba cha wagonjwa wanaosubiri kurudishwa, jicho moja limefunikwa kwa bandeji, jingine jekundu na jipya. Pembeni yake alikuwa binti wa ndugu yake aliyejua Kiswahili. Niliposema nimetoka Kakuma, mama aliinua uso akaushika mkono wangu, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko, akauachilia. Mkono mfupi. Si wa mwanawe.

Binti akamsomea barua. Ilisomwa mara mbili. Kisha mama akauliza jambo, na binti akaona haya kunitafsiria.

"Anauliza, kama barua ya kuja ilikuwepo, kwa nini umekuja wewe?"

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya kwa mambo madogo kuliko hayo. Nikamweleza: meza, ngome, mama yangu na kapu la samaki, kiti. Nikaeleza na kanuni, na nani aliiandika. Binti alitafsiri polepole. Mama yule alisikiliza akiwa amelielekeza kwangu lile jicho lake jipya.

"Anauliza, mama yako alikaa?"

"Alikaa," nikasema. "Alikaa, halafu alipojua akasimama akamtukana mwenyekiti."

Ikatafsiriwa. Mama akacheka kidogo, mkono mdomoni. Akasema neno moja.

"Anasema, vizuri."

Vizuri! Nilitoka mle ndani nikitafuta ukuta wa kupiga teke. Nilitaka anitukane. Nilitaka alie. Mtu anaambiwa mwanawe amezuiwa kwa sentensi ya tarishi, anasema vizuri kwa sababu mwanamke asiyemjua alipumzisha magoti dakika tano. Wiki iliyofuata wakamrudisha kwa ndege kwenda Loki na kwao. Ukienda Loki kwa ndege kutoka Nairobi, unapita angani kwetu. Huenda alipita juu ya lile darasa la mabati, mwanawe akiwa ndani anasahihisha kujumlisha na kutoa.

Niliporudi nilipanda msafara wa kwanza nikaenda Kakuma kumpa majibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu lile jicho linaona. Nikamwambia linaona. Akaitikia kwa kichwa, akatoa vipande vyake vya makopo, akavipanga juu ya dawati vilevile vilivyokuwa Jumapili ile, askari wangu watatu, mfalme wangu nyuma yao, ngome yake kwenye njia nyeupe. Hakukosea hata kimoja.

"Kaa," akaniambia. Nikakaa. Yeye hakukaa. Akainama kutoka kule juu, akaichukua ngome ya bati, akaiteremsha mpaka mstari wa mwisho. Ilitoa mlio mdogo juu ya mbao. Nikamlaza mfalme wangu.

Usiku huohuo nikiwa Lodwar niliingiza matokeo katika daftari la chama kwa wino, kabla sijatoa kurasa zangu nne za kujiuzulu. Mwenyekiti aliuchana ukurasa huo. Alisema hautambuliki.

Basi nauandika tena hapa, pasipo na mtu wa kuuchana. Fainali ya Lodwar: aliyeshindwa ni mimi, katibu, nikiwa nimekaa. Mshindi ni yule mwalimu wa Kakuma, kwa ngome, akiwa amesimama.